Chupa za "kukuza nywele" mbele ya rula

Ukiingia maduka ya vipodozi Kariakoo, au ukifungua ukurasa wa muuzaji yeyote wa mafuta ya nywele, ahadi ni ile ile: inchi 3 kwa mwezi, nywele mabegani ndani ya siku 90, nywele za mbele kujaa kwa wiki 2. Majina ya kwenye lebo hubadilika kila msimu lakini vilivyomo ndani ni vile vile. Kwa hiyo hapa tunavipima vilivyomo: mafuta ya chupa, maji ya karafuu na ya mchele, vidonge vya biotini (vitamini B7), minoksidili ya duka la dawa, na mwishoni huduma ya saluni, maana huko ndiko urefu mwingi unakopotelea.

Kwanza hesabu, kwa sababu bila hesabu kila chupa ni nzuri. Inchi 3 ni sentimita 7.6. Gawanya kwa siku 30, unapata milimita 2.5 kila siku. Nywele ya binadamu haina mwendo huo. Makadirio wanayotumia madaktari wa ngozi ni kama sentimita 1 kwa mwezi, na nywele zetu huwa chini kidogo ya hapo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2001 kwa vijana wenye asili ya Afrika vilitoa wastani wa mikromita 256 kwa siku, wakati kwa Wazungu ilikuwa 396. Ukizidisha, ni karibu milimita 8 kwa mwezi na sentimita 9 na kidogo kwa mwaka. Chupa inayoahidi inchi 3 inadai kuikimbiza nywele mara 10.

Ziweke namba hizo kichwani. Aliyenyoa upara leo, baada ya miezi 6 atakuwa na sentimita 5 hivi, na hizo ni za kuvuta. Zikiachwa zijikunje, nywele za kipilipili zinaweza kurudi hadi robo ya urefu wake, kwa hiyo machoni mwa watu ni sentimita moja na robo tu, na wataanza kumuuliza kama nywele zake zimegoma. Mwaka mmoja, sentimita 9. Miaka 3, sentimita 27 au 28 kama hakuna kilichokatika, na hapo ndipo nywele ya utosini ikinyooshwa inapokaribia bega. Miaka 3, si siku 90.

Kuna na kikomo. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kati ya 2 na 6 kwa watu wengi, kisha husimama wiki 2 au 3, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, na mwingine huota mahali pale pale. Ambaye nywele zake hukua miaka 4 kwa sentimita 9 kwa mwaka ataishia kwenye sentimita 36. Jirani yake mwenye miaka 6 atafika 54 bila kufanya lolote la ziada. Hilo ni la kurithi, na hakuna mafuta yanayolibadilisha.

Mafuta ya chupa: soma nyuma, si mbele

Mbele ya chupa kuna picha ya jani la rozimari au mbegu za nyonyo. Igeuze. Viambato huandikwa kwa mpangilio, kinachoongoza kwa wingi kikiwa cha kwanza. Mara nyingi cha kwanza ni Paraffinum Liquidum, yaani mafuta ya petroli yaliyosafishwa, au Petrolatum, ambayo ni mafuta ya mgando ya kawaida. Shuka chini utafute neno Parfum. Manukato kwa kawaida huwa chini ya asilimia 1 ya chupa nzima, na vitu vilivyo chini ya kiwango hicho vinaruhusiwa kuandikwa kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo ukikuta Rosmarinus Officinalis Leaf Oil imekaa baada ya Parfum, ujue umelipia matone. Chupa isiyo na orodha kabisa, hata kama muuzaji anaapa ni ya asili tupu, iache dukani. Tafuta na alama ya TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya. Alama hiyo haikuhakikishii kwamba nywele zitakua, lakini ni dalili kwamba bidhaa imepita mahali fulani kabla ya kufika kichwani kwako.

Mafuta ya nyonyo ndiyo yenye sifa kubwa kuliko yote. Karibu asilimia 90 ya mafuta hayo ni asidi ya risinoleiki, ndiyo maana ni mazito na ya kunata. Hakuna ushahidi wa maana kwamba yanaongeza kasi ya nywele kukua. Kazi yake ni kufunika unywele usipoteze maji na kuupa mng'ao. Kosa la kawaida ni kuyapaka mengi yakiwa peke yake kwenye nywele ndefu kisha kuosha kwa kusugua: nywele zinashikana bonge moja gumu ambalo wakati mwingine halifunguki ila kwa mkasi. Changanya fungu 1 la nyonyo na mafungu 3 ya mafuta ya nazi, na kiasi kiwe kijiko kimoja cha chai kwa kichwa kizima.

Mafuta ya nazi yenyewe tunayapa alama za juu kuliko nyonyo, tena ni rahisi kuyapata. Yanaingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, na vipimo vya maabara vya mwaka 2003 vilionyesha kwamba yakipakwa kabla au baada ya kuosha, unywele hupoteza protini kidogo kuliko ukipakwa mafuta ya alizeti au ya petroli. Yapake saa chache kabla ya kuosha, au usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuanzia katikati ya unywele hadi nchani. Nchani ndiyo sehemu kongwe. Kwenye unywele wa sentimita 27, ncha ina umri wa miaka 3 ya chanuo, jua na mito ya pamba.

Rozimari ina hoja kidogo. Mwaka 2015 watafiti wa Iran waliwalinganisha wanaume 100 wenye upara wa kurithi, nusu wakipaka rozimari na nusu minoksidili ya asilimia 2. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yaliongeza idadi ya nywele kidogo, kwa kiasi kinachokaribiana. Hapakuwa na kundi la tatu lililopaka mafuta matupu, na waliopimwa ni wanaume wenye aina moja ya upara. Wauzaji wameuchukua utafiti huo na kuugeuza kuwa "inashinda dawa". Ukitaka kujaribu, nunua mafuta halisi ya rozimari, yale makali ya chupa ndogo yenye kidondoshi, uweke matone 6 hadi 12 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi. Usiyapake bila kuyazimua. Yanachoma, na ngozi ya kichwa iliyovimba haiongezi nywele. Tahadhari hiyo iongezwe mara mbili kwa mafuta ya karafuu, kwa sababu eujenoli iliyomo inaunguza haraka zaidi. Maji ya karafuu zilizochemshwa ni mepesi na hayana madhara makubwa, ila hayana na kazi tuliyoithibitisha zaidi ya harufu.

Maji ya mchele yana wanga unaokaa juu ya unywele na kuufanya uonekane mnene. Mara moja kwa mwezi hayana neno. Kila wiki, nywele kavu za kipilipili huanza kukakamaa na kukatika kama vijiti.

Uwatu ni hadithi nyingine. Wanawake wa Pwani wametumia uwatu vizazi kwa vizazi, na kama kilainishi unastahili sifa zake. Loweka vijiko 2 vikubwa kwenye vikombe 2 vya maji usiku kucha, chemsha dakika 5, chuja ukiwa bado wa moto maana ukipoa unakuwa mzito kupita kwenye kitambaa. Ute wake unateleza kuliko vilainishi vingi vya chupa, na nywele ikiteleza, chanuo halikati. Hauongezi kasi ya kukua, lakini unaokoa urefu uliokwisha kuota, na hilo mafuta mengi ya bei kubwa hayawezi.

Onyo kwa mwenye mba: kupaka mafuta kichwani kila siku ili "kulisha ngozi" ni kumlisha fangasi anayesababisha hiyo mba, kwani anaishi kwa mafuta. Shampoo ya ketokonazoli ya asilimia 2, iachwe kichwani dakika 5 kisha isuuzwe, mara moja kwa wiki kwa nywele zetu kavu, inafanya kazi ambayo hakuna mafuta yataifanya.

Rula, na jinsi picha zinavyodanganya

Picha nyingi za "kabla na baada" zina siri moja: kabla, nywele zimeoshwa na kujikunja, baada, zimepigwa drai au zimetoka kufumuliwa rasta. Kichwa kile kile kinaweza kuonekana kimeongezeka sentimita 10 kwa saa moja. Picha isiyoonyesha unywele umevutwa kwenye futi, mara zote mbili, haina thamani.

Kupima ni kazi ya dakika 10. Chagua sehemu 4: mbele juu ya paji, utosini, juu ya sikio, na kisogoni. Nywele ziwe na maji na kilainishi. Chukua kifungu chembamba kama njiti ya kiberiti, kivute hadi kinyooke, weka futi ya fundi cherehani ikigusa ngozi, andika namba kwenye simu. Rudia baada ya miezi 3. Ukipima kila wiki utakuwa unapima nguvu ya mkono wako.

Mwenye nywele za dawa ya kunyoosha au rangi ana bahati, kwa sababu ana mstari. Pale nywele mpya inapokutana na ya dawa, pima kutoka kwenye ngozi: hiyo ndiyo kasi halisi. Tuseme baada ya miezi 3 mstari umesogea sentimita 2.4, lakini urefu wote umeongezeka nusu sentimita tu. Basi sentimita 1.9 zimekatika nchani. Nywele hizo hazikugoma kukua, zinakua kama za mtu yeyote. Mwenye majibu kama hayo akinunua chupa ya kukuza nywele anatibu mahali pasipouma.

Angalia pia zinazodondoka. Weka unywele juu ya karatasi ya rangi iliyokoza. Ukiwa na kitone cheupe upande mmoja, umemaliza muda wake na kutoka na mzizi, na kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Usipokuwa na kitone, umekatika. Aliyekaa na rasta wiki 8 atakuta mkononi bonge la nywele kati ya 2,800 na 5,600 akifumua. Ni zile za kila siku zilizokosa pa kwenda. Si ugonjwa, na si sababu ya kukimbilia dukani.

Minoksidili

Hii si kipodozi, ni dawa, na ndiyo pekee ya kupaka kwenye orodha hii yenye ushahidi mzito. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ile ya kupaka kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Kwenye kisanduku imeandikwa Minoxidil, asilimia 2 au 5.

Inunuliwe duka la dawa lililosajiliwa. Ya maji hupakwa mililita 1 asubuhi na 1 usiku, kwa hiyo chupa ya mililita 60 ni ya siku 30. Kwa wanawake huwa ni ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja. Ngozi iwe kavu. Gawa nywele mistari, dondoshea kwenye ngozi, si kwenye nywele, sambaza kwa kidole, nawa mikono, usioshe kichwa kwa saa 4. Ya usiku ipake mapema ikauke kabla ya kulala, la sivyo inahamia kwenye mto na kutoka hapo usoni, na ndevu zinaota mahali zisipotakiwa. Kichwa kikiwasha na kutoa maganda, mara nyingi ni propileni glikoli, kiyeyushi kilichomo kwenye ya maji. Povu halina.

Matarajio yake yaandikwe wazi kuliko yanavyoandikwa. Wiki za mwanzo, kati ya ya 2 na ya 8, nywele hudondoka zaidi, kwa sababu zilizokuwa zimepumzika zinasukumwa na mpya. Wengi huacha hapo, wakiwa wameshalipia sehemu ngumu. Matokeo huanza kuonekana mwezi wa 4, na hukumu ya haki hutolewa baada ya miezi 6 hadi 12. Inaongeza wingi na unene; haimfanyi mwenye nywele za mabegani afike kiunoni. Ukiiacha, ndani ya miezi 3 au 4 ulichopata huanza kuondoka, kwa hiyo kabla ya kununua chupa ya kwanza piga hesabu ya chupa 12 za mwaka. Mjamzito na anayenyonyesha asiitumie. Moyo ukidunda kasi au ukipata kizunguzungu, simamisha umwone daktari. Nyumba yenye paka iweke mbali kabisa, kwani ni sumu kali kwake.

Uamuzi wetu: kwa nywele zinazopungua utosini au mstari wa katikati unaopanuka, inanunulika. Kwa mwenye kichwa kilichojaa anayetaka urefu wa haraka, ni hela ya bure.

Vidonge vya biotini hatuvipendekezi. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 30 kwa siku, na vidonge vingi vina 5,000 au 10,000. Upungufu wa kweli ni nadra kwa anayekula mayai na karanga. Ubaya wake ni kwamba kiwango hicho kinavuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na vya kugundua shambulio la moyo. Anayevimeza awaambie watu wa maabara.

Saluni

Hapa ndipo pa kutumia hela, na hapa ndipo pa kuwa mkali. Rasta zilizosukwa vizuri ni ulinzi: wiki 6 hadi 8 bila chanuo wala pasi. Baada ya wiki 8 utaona nafasi ya sentimita 1.5 hadi 2 kati ya ngozi na fundo. Zikiachwa miezi 4, fundo lenye uzito wa rasta linaning'inia kwenye nywele chache na kuzing'oa.

Msusi mzuri utamjua kwenye mstari wa mbele. Anaacha vinywele laini vya pembeni ya uso bila kuvisuka, anatumia rasta chache kwenye mafungu madogo, na ukimwambia inauma analegeza bila kununa. Kichwa kikiuma hadi umeze dawa ya maumivu, au vipele vidogo vyeupe vikitokea kwenye mizizi, rasta za mbele zifumuliwe siku hiyo hiyo. Si urembo unaohitaji kuvumiliwa. Mvuto wa namna hiyo ukirudiwa miaka kadhaa, vinyweleo hufa na ngozi hubaki laini inayong'aa, na hapo hakuna mafuta wala minoksidili ya kurudisha nywele.

Kufumua kuna kanuni yake. Kata rasta sentimita 4 chini ya pale nywele zako zinapoishia, fumua, kisha kwenye uchafu mweupe uliokaa mzizini paka mafuta au kilainishi na uuchambue kwa vidole. Nywele zilizodondoka zitolewe zote kabla maji hayajagusa kichwa. Zikilowa zikiwa bado ndani, zinajifunga, na msusi mwenye haraka atazing'oa na nzima.

Dawa ya kunyoosha ni kali mno, pH yake ni kati ya 12 na 14. Irudiwe baada ya wiki 8 hadi 12, ipakwe kwenye nywele mpya peke yake, na za zamani zifunikwe kwa kilainishi kizito zisiguswe. Saluni inayopaka kichwa kizima kila mara ndiyo inayokata nywele pale kwenye mstari, na mteja anaambiwa "nywele zako ni dhaifu". Rasta na dawa zisifanyike siku moja; ziachane angalau wiki 2.

Pale chupa inaposifiwa kwa kazi ya mwili

Mama aliyejifungua huanza kupukutika nywele mwezi wa 2 hadi wa 4. Vivyo hivyo aliyeugua homa kali au kufanyiwa upasuaji. Nywele hizo hurudi zenyewe ndani ya miezi 6 hadi mwaka. Akinunua mafuta mwezi wa 5, hofu ikiwa juu, vinywele vipya vitaonekana mwezi wa 7, na sifa zote zitaenda kwa muuzaji. Ushuhuda wa namna hiyo ni wa kweli kabisa na hauthibitishi kitu.

Zikiendelea kupukutika zaidi ya miezi 6, pima wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, pamoja na tezi. Maini, dagaa na maharage husaidia, yakiliwa pamoja na chungwa au limau. Chai isogezwe saa moja mbali na mlo, inazuia chuma kufyonzwa.

Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele na magamba ana mapunye, na anahitaji dawa ya kumeza aliyoandikiwa na daktari. Ya kupaka peke yake haifiki mzizini. Na mwanamke ambaye utosi wake unapungua kwa duara linalopanuka, pakiwa panawasha au panachoma, amwone daktari wa ngozi mwezi huu, kwa kuwa aina moja ya upara wa hapo huacha kovu na kila kinyweleo kilichofungwa hakifunguki tena. Aende bila rasta wala wigi, nywele zikiwa zimeoshwa na hazijapakwa mafuta, na picha za simu za utosi ule ule miezi 6 iliyopita.